Mzee wa Nakala na Majalada Yaliyolowa

Kiwanja changu cha Ilomba kilinigharimu matenga manane ya nyanya za Ilula yaliyoozea nje ya ofisi nikisubiri kuitwa, koti la mvua nililolisahau kwenye benchi na kuja kuliona siku nyingine limevaliwa na tarishi wa ofisi ileile, jino moja la gego kwa sababu nilikuwa nasaga meno usingizini, na heshima yangu kwa watu wa makaratasi, ambayo tangu mwanzo haikuwa nyingi. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lilelile. Kimebaki kitu kimoja ambacho mpaka leo sijui nikiweke upande wa hasara au wa faida. Ni mzee mmoja wa Iringa tuliyekuwa tukimwita Mzee wa Nakala.

Jina alikuwa nalo, na nadhani mhasibu alilijua siku za mshahara. Sisi wanachama hatukulihitaji. Ukisema Mzee wa Nakala, kuanzia Ilula mpaka Mbeya mjini, wachuuzi wote wa barabara kuu walijua unamsema nani, na wengi wao walikunja uso.

Ushirika wetu ulikuwa wa wachuuzi na wakulima. Ulitupatia magari ya kupakia mizigo, magari yenyewe yakiwa mazima, na uligawa viwanja vya kujenga kule Ilomba, wakati ule bado mashamba ya mahindi na njia za ng'ombe. Kila mwanachama alikuwa na jalada. Majalada yenyewe, yale ya asili, yalikaa Mbeya kwenye makabati ya chuma. Iringa kulikuwa na chumba kimoja chenye nakala ya kila jalada, ili moto ukila ofisi moja nyingine isalie. Na kati ya vyumba hivyo viwili alikuwepo huyu mzee.

Kila mwisho wa mwezi alipanda basi na sanduku lake la bati, akaenda Mbeya, akapitia majalada moja moja. Ambalo halikuguswa tangu safari iliyopita, aliliacha. Lililoongezwa ukurasa, aliunakili kwa mkono, akarudi nao Iringa, akaweka nakala mpya na kuichoma ya zamani. Na jalada ambalo Mbeya wameliondoa, mtu amehama au amekufa, naye Iringa aliliondoa. Kazi rahisi, utasema. Hata mimi nilisema. Kumbe kazi yake hasa ilianzia pale karatasi ilipokataa kusomeka.

Karani wa kawaida akikutana na ukurasa uliolowa, ama anaweka kalamu chini na kutangaza kwamba kazi imeshindikana, wote tusubiri, ama anauruka kimyakimya kana kwamba haukuwahi kuwepo. Huyu aliuruka, ndiyo, akayamaliza mengine yote ili watu wengine wasicheleweshwe na bahati mbaya ya mmoja. Lakini alichukua kipande cha kamba ya katani, akalifunga lile jalada fundo, na jioni kwenye karatasi yake akaandika: hili halikusomeka, na sababu yake ni hii. Akifika Iringa, nakala ya zamani ya jalada lile hakuichoma. Aliifunga katani nayo, akairudisha mahali pake.

"Mpya sikuipata," alikuwa akisema. "Sasa hii ya zamani imenikosea nini?"

Makarani wa Mbeya walimcheka mbele yake. "Mzee anafunga majalada kama mbuzi wa mnadani!"

"Na wale msiowafunga," aliwauliza siku moja bila kuinua uso, "wako wapi?"

Wakainamia majalada yao. Nilikuwepo, kwenye benchi. Benchi lile nililikalia mpaka nikajua ni mguu gani mfupi.

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti la rangi ya udongo lenye mifuko aliyoishona mwenyewe kwa ndani. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa katani. Kanisani, wanasema wenzake wa Iringa, alikuwa Mlutheri wa kuimba, na nyimbo zote alizijua, lakini hakuimba hata mstari mmoja bila kitabu kufunguliwa mbele yake. Mchungaji akamwambia, baba, hizi si unazijua kwa moyo? Akajibu kwamba moyo nao huingia unyevu. Huyohuyo, msimu wa ulanzi, ukimkuta Jumamosi jioni na pombe yake ya mianzi, yeye mwenyewe alikuwa hasomeki. Jumatatu alirudi kazini ameshanyoa, ananuka sabuni, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Alikuwa na tabia moja ambayo ingenifanya nimpende kama nisingekuwa nimeshaamua kumshuku. Kila swali aliuliza mara mbili. Si papo kwa papo. Alikusalimu, "Kamwene," ukaitikia "Kamwene," akakuuliza nyanya za leo fungu kiasi gani. Mkaongea mengine, mvua, magari, watoto. Ukiwa umeshabeba mzigo unaondoka, akakuuliza tena, kana kwamba amesahau: nyanya ulisema fungu kiasi gani? Majibu yakifanana, alinunua. Yakipishana, alikutazama tu na kusema, "Haya mama, safari njema." Mimi nahesabu chenji mara mbili, kwa hiyo niliujua mchezo ule, na mtu anayecheza mchezo wako ndiye wa kumwangalia sana.

Sababu za jalada kutosomeka, kwake, hazikuwa kitu kimoja. Kulowa ni kulowa. Lakini jalada likiwa mezani kwa bwana mkubwa, limefunguliwa, kalamu juu yake, hakulinakili. Alisema ukinakili kitu ambacho mtu bado anakiandika, utaondoka na nusu ya mawazo yake, na huenda ni nusu mbaya. Aliandika "limeshikwa," akasubiri mwezi ujao. Na kuna yaliyofungiwa. Mwaka mmoja katibu alikwenda msibani Tukuyu na ufunguo wa kabati lake mfukoni. Tarishi, huyu wa koti langu, akaja na waya wa tairi la baiskeli ameupinda ncha.

"Mzee, dakika moja tu nakufungulia. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Na mimi."

"Sasa?"

"Sasa nikilifungua leo kwa waya, kesho nitaaminije kwamba hujalifungua jana?"

Akaandika "limefungiwa," akafunga sanduku lake, akaenda zake stendi. Wanachama wa kabati lile wakasubiri mwezi mzima, na walimtukana kwa Kinyakyusa, Kisafwa na Kibena, kila mmoja kwa lugha anayotukania vizuri.

Sasa nije kwenye kiwanja.

Masika moja, wakati malori ya kwenda Zambia yakikwama kwa misururu na Wachina wakijenga reli yao, nilikuta msingi umechimbwa kwenye kiwanja changu cha Ilomba. Si mimi niliyechimba. Aliyechimba alikuwa mwenye duka la baiskeli wa pale mjini Mbeya, mtu mwenye kicheko kikubwa na mikono laini kuliko ya fundi.

"Mama Tumaini," akaniambia, "kiwanja hiki ni changu. Jalada langu liko ofisini, nenda kaangalie. Jipya, safi."

Nikaenda ofisini. Lake lilikuwepo kweli, jipya, safi, karatasi nyeupe kama yai. Nikaomba langu. Karani akaniletea kitu kama ugali uliolala kwenye sufuria. Paa lilivuja, maji yakaingia kabati la mwisho.

"Hili ndilo lako, mama."

"Umejuaje kama ni langu?"

"Si lilikuwa mahali pa lako."

Wino umekuwa wingu la buluu. Kurasa zimeshikana. Nikasimama pale na maisha yangu ya miaka yote ya kuuza nyanya yakiwa yananuka ukungu. Kiwanja kile ndicho nilichokuwa nacho; mume wangu alishanitangulia, na Tumaini nilikuwa nimemuahidi chumba chenye dirisha.

Nikapanda lori usiku uleule kwenda Iringa.

Mzee wa Nakala alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniuliza nyanya fungu kiasi gani. Nikamwambia habari ya paa. Akafunga macho.

"Kabati la mwisho lote?"

"Lote. Baba, nakala yangu ya zamani unayo?"

"Ninayo."

Mungu anajua nilivyopumua. "Nionyeshe."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Mwanachama haruhusiwi kusoma nakala za Iringa. Kamati ya ushirika ikiagiza, nitaisomea kamati. Wewe ruhusa huna."

"Ni jalada langu!"

"Linakuhusu. Si lako."

"Basi niambie tu. Limeandikwa kiwanja namba ngapi? Mimi nakijua ni kumi na nne, wewe itikia tu kwa kichwa."

Kichwa chake hakikusogea. Nikamsogezea kikapu cha nyanya nilichokuja nacho, zile ngumu za kuteuliwa. Akazitazama. Akaniuliza tena fungu kiasi gani. Nikajikuta nimetaja bei nyingine, kwa hasira. Akasema, "Haya mama, safari njema."

Ndipo nilipoanza kumshuku kwa bidii. Kwa nini mtu afiche kitu kinachosema kweli, kama hakuna anayemlipa akifiche? Na siku chache baadaye nikapata nilichokuwa nakitafuta. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mzee amekuja Mbeya. Nilikuwa napita nyuma ya maduka na tenga kichwani, nikamwona kwa macho yangu anatoka mlango wa nyuma wa duka la baiskeli, kwapani kifurushi cha gazeti. Akaangalia huku na huku. Nikasema moyoni, haya, bei yake nimeijua.

Siku ileile nikarudi kwenye benchi langu ofisini, nimshuhudie akimaliza kuniuza. Kilichotokea nilikiona na kukisikia chote, mlango ulikuwa wazi.

Asubuhi ile, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, makarani walikuwa wameyatoa yale majalada yaliyolowa na kuyaanika uani, juu ya mkeka, pembeni ya ulezi wa mke wa tarishi. Wazo halikuwa baya. Ubaya ni kwamba meneja, kijana mpya aliyetoka masomoni, alikuwa amewaonya wasiwaambie watu wa Iringa kwamba ofisi kubwa inavuja. Aibu. Kwa hiyo walilipangusa lile kabati, likang'aa, wakalifunga, wakakaa kimya. Na mnajua kanuni: kisichokuwepo Mbeya, Iringa kinaondolewa. Walikuwa wanaficha aibu ya paa, na kwa njia hiyo walikuwa wanatufuta sote wa kabati la mwisho.

Mzee, ambaye habari ya paa alishaisikia kwangu ila hakuitaja, akafungua kabati. Akaingiza mkono, akapapasa sakafu ya droo, akanusa vidole.

"Humu kulikuwa na nini?"

"Hamna kitu, mzee. Tupu," karani akasema.

"Tupu tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Akaendelea na makabati mengine. Mchana, wakati karani anakunywa chai, akamuuliza tena, taratibu, kana kwamba amesahau: lile kabati la mwisho ulisema tupu tangu lini?

"Tangu juzi," karani akasema, na andazi likamkwama.

Mzee akasimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakupaza. "Bwana meneja. Mwezi huu vipya nitachukua. Lakini Iringa hakiondolewi kitu. Hata kimoja."

Meneja akatoka ofisini kwake na kalamu sikioni. "Mzee wangu, kanuni ni wazi. Iringa ifanane na Mbeya. Kama sahani mbili za seti moja."

"Moja ikivunjika, bwana meneja, unaivunja na ya pili ili zifanane?"

"Nani amevunja nini? Kabati ni tupu!"

"Tupu ni jambo moja. Kushindwa kuona kilichomo ni jambo jingine. Mimi leo sijui ni lipi kati ya hayo, na nisipojua sifuti."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Iandike kwa wino mzuri," mzee akasema. "Nitaitengenezea nakala."

Wangapi walicheka benchini! Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza: maigizo. Wamepanga hawa, mmoja awe mkali mwingine mbishi, mimi nichoke nitoe kitu. Na alipofungasha nikaliona, katika vile vipya alivyochukua, jalada jeupe kama yai.

Nikamfuata mpaka nje. "Umemchukua na yeye? Yule mwizi wa kiwanja?"

"Limo kabatini. Linasomeka."

"Langu je?"

"Sikulikuta la kusoma."

"Kwa hiyo mwongo anayesomeka ni bora kuliko mimi!"

Akasimama, akaweka sanduku chini. "Mama, mimi sinakili ukweli. Nanakili karatasi. Ukweli waulize wenye akili, ndiyo kazi ya kamati. Wewe omba kamati." Kisha akaenda zake kuwahi basi, na sanduku lake limekazwa pembeni na kitu cheusi ambacho sikukitilia maanani.

Kuomba kamati ndiko kulikokula matenga yangu ya nyanya. Walikuja kukaa masika imeshakwisha. Wajumbe upande mmoja, mimi na mwenye duka la baiskeli upande wa pili, na mzee katikati na bahasha aliyoitoa Iringa kwa agizo la maandishi. Akaifungua mbele yao. Akasoma bila haraka: kiwanja namba kumi na nne, Ilomba, na jina langu, lote, hata lile la babu ambalo mimi mwenyewe silitumii.

Nikapiga kigelegele. Mwenyekiti akaniambia nikae.

"Hii," mzee akaendelea, "niliinakili kabla ya masika. Yaliyoandikwa baada ya hapo sikuyasoma, jalada lilikuwa limelowa. Naomba iandikwe hivyo."

Mwenye duka la baiskeli akaruka. "Mmesikia? Baada ya hapo hajui! Huenda mama aliniuzia baada ya hapo!"

"Huenda," mzee akasema.

Huenda! Niliona giza. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilisubiri tangu nilipomwona na kile kifurushi. Nikainuka nimwambie mbele ya wote ametokea mlango gani. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshamuuliza swali jingine: na hili jalada jipya la bwana huyu, unalionaje?

Mzee akalishika, akaligeuza, akalirudisha mezani. "Linasomeka lote. Ila majalada mimi nayajua tangu yakiwa madogo. Linaanza na karatasi ya maombi, mwezi ujao risiti, mwezi ujao barua ya kupimiwa. Yanakua. Hili sikuwahi kuliona likiwa dogo. Nililikuta siku moja tu, limezaliwa na meno."

Wajumbe wakatazamana. Wakamwomba mwenye duka aonyeshe karatasi ya maombi, ya mwaka gani, nani aliipokea. Kicheko chake kikapungua, kikapungua, mwishowe akasema ataileta. Hakuileta. Mpaka leo msingi wake ndio niliojengea jiko. Nilimpa shukrani.

Mzee nilimpa pia. "Ndaga, baba," nikamwambia nje, kwa lugha yetu. Akaniuliza kama nimekuja na lile koti langu la mvua, kwa kuwa mawingu hayaeleweki. Sikumwambia habari ya kifurushi. Nilikiweka akiba, unajua, mtu hatumii silaha yake yote siku moja.

Miaka ikapita, reli ikamalizika, na mimi nikawa na nyumba ya matofali na paa la bati. Tumaini akapata dirisha lake. Ushirika ukaanza kuchoka kama vinavyochoka vitu vya watu wengi. Nikasikia chumba cha Iringa kinafungwa.

Mara ya mwisho tulionana Nyololo. Lori letu lilikuwa limechemka, dereva ametandika gunia chini ya injini, nami nikashuka kutafuta chai. Nyololo ina baridi ya kutosha wilaya nzima. Katikati ya ukungu, kando ya lami, nikamwona mzee amekaa juu ya sanduku la bati, koti lake lilelile, anasubiri gari la kwenda upande wowote.

"Kamwene, baba."

"Kamwene." Akageuza sikio kwanza, kisha uso. "Sauti ya nyanya hiyo. Fungu kiasi gani siku hizi?"

Nikamwambia. Nikaketi ukingoni mwa sanduku. "Wamekufukuza?"

"Nimejifukuza." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti bila sababu, maana haikuwa chafu. "Mwezi ule wa mwisho nilifunga katani majalada mengi mno. Nikasema, paa la Mbeya limevuja tena. Nikapapasa kabati, kavu. Nikampa msichana wa taipureta, nikamwambia binti yangu, hebu jaribu hili. Akalisoma. Nikampa la pili, akalisoma. Yote akayasoma, tena haraka, anatafuna karanga. Ubovu haukuwa kwenye karatasi, mama."

Nikayatazama macho yake; yalikuwa yananitazama pembeni ya sikio.

"Nikawaambia warudie kila nililofunga mwaka ule. Hawana muda. Wamesema chumba kinafungwa, zile zenye katani nizichome. Zimo humu." Akagonga sanduku kwa kisigino. "Wewe ulijenga. Paa lako linavuja?"

"Halivuji."

Tukanywa chai kwa mama mmoja wa viazi. Nikamwona anashika kikombe kwa mikono miwili, anakitafuta mdomo. Tuliporudi kwenye sanduku akaniuliza, kana kwamba amesahau: paa lako ulisema linavuja?

"Halivuji, baba. Nilipanda mwenyewe nikakagua."

"Basi lichukue."

Mimi sichukui mzigo kando ya barabara bila kujua ni wa nani. Nikamwambia anionyeshe ruhusa. Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akicheka. Akatoa katika ule mfuko wa ndani barua yenye muhuri, kwamba nakala hizo hazihitajiki tena na amekabidhiwa. Nikaisoma mara mbili. Muhuri niliusugua kwa kidole.

Masharti yake: lisifunguliwe bila mwenye jalada kuwepo na shahidi mmoja asiye ndugu yake. Na kalamu isiguse kitu humo. "Mwaka huu wa mwisho mengine nilinakili nusunusu. Nilipoacha wazi, pabaki wazi."

Nilipoliinua ndipo nikakiona kile cheusi cha pembeni. Mipira ya ndani ya baiskeli, imekatwa vipande virefu, imezungushwa kwenye kingo zote, hata tone lisipenye.

"Mipira hii umeitoa wapi?"

"Kwa yule wa baiskeli. Ya kutupwa. Alinipitisha mlango wa nyuma, maana mingine ya namna hiyohiyo alikuwa anaiuza mbele kama mizima."

"Ulichukua kitu kwa mtu mwenye kesi na mimi?"

"Nililipa. Risiti ninayo." Na alikuwa nayo, kwenye mfuko mwingine.

Niliikunjua nikaitazama. Risiti ile ilikuwa sawasawa. Ila risiti inaweza kuandikwa na yeyote, siku yoyote, na nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu ambaye mtoto amepata hesabu. Gari la kwenda Iringa likasimama, tukampandisha, mimi na utingo. Hakutazama nyuma. Nadhani hakuona faida.

Sanduku liko chumbani kwangu, juu ya matofali. Kwa miaka miwili hakuna aliyeliulizia.

Sasa amekuja Mama Subi, jirani yangu wa kiwanja namba kumi na tano. Mumewe alifariki wakati wa mavuno. Shemeji yake ametoka kijijini na kusema kiwanja ni cha ukoo, yeye ahame na watoto wake. Jalada la asili la mumewe lilikuwa kabati la mwisho, lilikwenda na maji. Mama Subi anasema baada ya yale maji kuliandikwa jalada jingine, na hapo mumewe alimtaja yeye kuwa mrithi. Hilo la pili nalo halionekani. Ushirika umebaki na tarishi na funguo. Nikamwita mwalimu wa shule ya jirani awe shahidi, tukafungua sanduku. Nakala ya hilo la pili ipo. Imefungwa katani. Jina la mume lipo, namba ya kiwanja ipo. Tukafika pa kumtaja mrithi, na hapo mzee amepiga mstari mrefu, pembeni ameandika: hapa sikuweza kusoma. Tarehe ni ya mwaka wake wa mwisho.

Kwa hiyo sijui. Huenda karatasi ilikuwa imelowa. Huenda ilikuwa kavu, jina la Mama Subi limekaa pale limenyooka, na macho ndiyo yaliyokuwa yamelowa. Nilimtuma mtu Iringa kumuuliza. Amejibu hakumbuki, na kwamba hata angekumbuka, kumbukumbu yake si jalada.

Juzi Mama Subi amekuja peke yake. "Mama Tumaini, nafasi ipo wazi. Wino ni buluu tu. Andika jina langu. Maandishi ya yule mzee hakuna anayeyatilia shaka, wote wanajua hakubahatisha kamwe. Wewe unajua mimi ndiye niliyeishi naye."

Ninachojua ni kwamba aliniambia. Namwamini. Nimemuuliza asubuhi, nikamuuliza tena jioni kana kwamba nimesahau, majibu yamefanana. Lakini shemeji naye nilimuuliza mara mbili, na yake yamefanana pia.

Shemeji anakuja na mzee wa ukoo Jumamosi kulitazama jalada. Watoto wa Mama Subi wanacheza kwenye jiko langu, juu ya ule msingi. Kalamu ya buluu ninayo. Naomba ushauri, na sichagui wa kunipa. Ila yeyote atakayeniambia "jaza tu," aongeze na hili: kama jalada la kwake ndilo lingekuwa na nafasi wazi humo sandukuni, angeniachia mimi na hii kalamu?